Mwanangu alikosa penalti, sasa hataki hata kuugusa mpira. Nimsukume au nimwache?

MamaMahamri, Kisauni

Assalam alaikum na masalkheri nyote. Mimi si mwandishi humu jukwaani, huwa nasoma tu usiku nikishakanda unga wa mahamri ya kesho. Leo usingizi umekataa, nikaona bora niulize.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 13, yuko gredi ya 8. Huyu tangu ana miaka mitano ni mpira asubuhi, mpira jioni. Alianza na ule wa makaratasi na kamba, akaja akapata wa kweli, na ilifika mahali vijana wakubwa wanakuja kumwita nyumbani wakipungukiwa na mtu.

Likizo ya Agosti kulikuwa na mashindano ya mitaa, na timu yao ikafika fainali. Mechi ikaisha sare, wakaenda penalti. Wenzetu wakafunga zote tano. Sisi tukafunga nne, ikabaki yake. Akifunga tunaendelea, akikosa tumeshindwa. Alipewa ya mwisho kwa sababu ndiye ambaye hakuwahi kukosa. Mimi nilikuwa nyuma ya goli na beseni langu la mahamri kichwani, nimesahau hata kulitua. Nilimwona akiuweka mpira, akauokota, akauweka tena. Refa alipopuliza tu, hapo hapo akakimbia kupiga, hata pumzi hakuvuta. Mpira ukapita juu ya mwamba ukaangukia paa la mabati la nyumba ya jirani. Ule mlio wa mabati ninao masikioni mpaka leo.

Hakulia. Babake alikuwa ametoka zamu bandarini moja kwa moja, bado ana koti lake la kazi. Akamwambia mbele ya wenzake, "Umetuaibisha." Neno hilo moja. Mume wangu si mtu mbaya, anampenda mwanawe kuliko macho yake, na najua alilijutia kabla hajafunga mdomo. Lakini lilishatoka. Tukarudi nyumbani watu watatu, hakuna aliyesema kitu.

Sasa ni karibu miezi miwili. Njumu ziko uvunguni, hazijaguswa. Na si mpira peke yake. Mwalimu wake wa Hisabati ameniita, anasema mtoto akikosa swali la kwanza anafunga daftari. Nikimuuliza ananijibu, "Mama, mimi siwezi." Huyu ndiye niliyekuwa nikimwita Bingwa tangu ana meno ya utoto! Jioni siku hizi anakaa maskani, pale kijiweni, na vijana waliomzidi miaka mitano, sita. Nyote ni watu wa hapa Mombasa, mwajua maskani za kwetu zaweza kumfikisha mtoto wapi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si kombe.

Mamangu aniambia nimwache atajirudi. Babake asema nimemdekeza, apelekwe kiwanjani atake asitake. Mimi niko katikati. Huu moyo wa kushindwa leo na kurudi kesho, mtoto huzaliwa nao au hufunzwa? Na kama hufunzwa, naanzia wapi?

NahodhaMstaafu, Likoni

Binti yangu, mumeo ana haki. Watoto wa siku hizi tunawafunika kama mayai. Mimi nilifunzwa kuogelea kwa kutupwa majini hapa hapa Likoni nikiwa na miaka saba. Babangu alinibeba begani, akaniambia "leo utaogelea", akanirusha. Nilikunywa maji ya chumvi hadi nikatapika, lakini jioni yake nilikuwa naogelea, na miaka 31 nimekula kwa bahari. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mpeleke kiwanjani, avae njumu, acheze. Ukimngoja atake mwenyewe utangoja mpaka aote ndevu.

KochaWaMchangani, Bamburi

Mama, pole. Na mzee wangu Nahodha, shikamoo, nitakurudia hapo chini kwa heshima zote.

Nafundisha watoto mpira pale ufuo wa Pirates mwaka wa 14 sasa. Silipwi, na wala sikusomea mambo ya akili za watoto. Nilichonacho ni watoto wengi waliopita mikononi mwangu, na kadhaa waliokwama hapo hapo alipokwama wako.

Kwanza nikueleze jambo nililoliona kwa macho yangu, mjini kwetu. Tarehe 24 Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu pale Mama Ngina. Nilikuwa na miaka 19, nimesimama kando ya kamba tangu mchana. Mwakumbuka joto la Machi, kaskazi inakwisha na masika haijaingia, hewa nzito hata shati halikauki. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa hajulikani kushindwa. Miaka 5 mfululizo, 2002 hadi 2006, alikuwa ameshinda mbio ndefu na fupi zote mbili. Siku ile aliongoza vizuri, lakini ulipofika mzunguko wa mwisho Zersenay Tadese wa Eritrea akampita, na Bekele akatoka njiani. Hakumaliza. Mimi ni Mkenya, nilishangilia kama wengine. Kisha nikamtazama usoni nikanyamaza. Sijawahi kuona mtu amechoka vile na bado watu elfu nyingi wanamtazama.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwaka uliofuata mbio zile zile zilikuwa Edinburgh. Mapema tu kwenye mbio kiatu kikamtoka. Akasimama, akakivaa, wenzake wanampita. Akarudi nyuma yao akawashika mmoja mmoja, akashinda. Miezi mitano baadaye, Beijing, akachukua dhahabu ya mita 5,000 na ya 10,000. Kila nikiikumbuka ile ya Edinburgh najiuliza: angekuwa ni mtu asiyewahi kutoka njiani Mombasa, angesimama kuvaa kiatu kwa utulivu ule? Mimi naamini alishaonja jambo lenyewe baya kabisa, akajua halimuui.

Mwanao ameshalionja. Kilichobaki ni kujua halimuui, na hilo hawezi kulijua kwa kuambiwa. Ndiyo maana maneno yote ya "usijali mwanangu, wewe bado ni bingwa" hayaingii. Analijua goli alilokosa, alikuwepo.

Pili, kuhusu penalti yenyewe, kwa sababu kuna haki yake hapa. Kuna mtafiti wa Norway, Geir Jordet, ambaye kwa miaka amechunguza penalti za mashindano makubwa ya dunia. Aliona mambo mawili. Wachezaji wale wale, wa mishahara mikubwa, hukosa zaidi sana wakipiga ile ambayo ukikosa mmeshindwa, kuliko ile ambayo ukifunga mmeshinda. Na wanaokimbilia kupiga mara filimbi inapolia hukosa zaidi kuliko wanaojipa muda. Wewe umeandika mwenyewe hapo juu: ilikuwa ya akikosa tumeshindwa, na filimbi ililia akakimbia. Mtoto wako alibebeshwa mzigo unaowashinda watu wazima, akafanya kosa wanalofanya watu wazima. Hakukosa kwa sababu ni dhaifu. Alitaka tu kutoka pale haraka, kama mtu anayeruka juu ya mchanga wa moto.

Hilo ni kosa linalofundishika. Kwangu watoto hufanya hivi: weka mpira, rudi hatua nne, chagua pembe ukiwa umesimama, vuta pumzi mbili, na ukishachagua usibadilishe. Tunapiga mwisho wa mazoezi miguu ikiwa imekwisha nguvu, si mwanzo. Na sheria yangu ni moja: aliyekosa anakwenda kuufuata mpira mwenyewe, hata ukiwa umeelea baharini, anarudi mwisho wa mstari. Hakuna anayemcheka na hakuna anayembembeleza. Wageni huniona mkali kwa hilo la pili. Lakini mtoto aliyekosa akibembelezwa na watu ishirini anaelewa kwamba limetokea jambo kubwa sana. Akiachwa aufuate mpira, anaelewa amekosa penalti.

Nilikuwa na golikipa, msichana wa miaka 12, siku moja alifungwa sita. Mechi ilipokwisha aliniletea glavu akazitia mkononi mwangu, anazirudisha. Sikuzikataa. Nikamwambia, nieleze bao la pili tu, mengine sitaki. Akasema hajui. Nikachukua kijiti, nikachora goli kwenye mchanga mbichi, nikamuuliza miguu yako ilikuwa wapi? Akafikiri, akaweka kisigino chake mahali. Mpira ulitoka wapi? Akaonyesha. Akatazama kile kisigino, kisha kile kijiti, akasema mwenyewe, "Nilikuwa nimesimama mbali na mlingoti." Basi. Mabao sita yalikuwa yamemwambia "hufai", bao moja likamwambia "sogea hatua mbili". Nikamwachia glavu juu ya mchanga nikaenda kukusanya koni. Aliziokota.

Mwanao naye akikosa swali la kwanza la Hisabati, usiulizie mtihani. Uliza mstari gani ndani ya swali hilo ulimpoteza.

La tatu ni gumu kidogo, mama, nisamehe. Ni la babake. Waswahili husema ukali wa jicho washinda wembe. Watoto wangu wakikosa, kabla hawajaniangalia mimi, huangalia pembeni alipo baba. Sijaona mtoto ambaye hafanyi hivyo. Mumeo akimpeleka kiwanjani kwa nguvu kabla hajalifungua lile neno alilolitamka, mtoto atavaa njumu na kucheza akitazama pembeni. Simwambii apige magoti. Amweleze tu siku yeye mwenyewe alivyoharibu kitu mbele za watu. Kila mwanamume anayo siku hiyo.

Kwa hiyo kusukuma au kuacha? Mimi ningesema msimpeleke kiwanjani, na msimwachie maskani. Mtoe ufuoni siku ya mapumziko ya babake, baba akae golini, pekupeku, bila jezi wala kuhesabu mabao.

Mzee wangu Nahodha, swali moja tu. Siku ile marehemu babako alipokurusha, yeye alikuwa wapi?

MtuWaMajengo

Nilitaka kupita lakini hilo la maskani limenishika.

Mimi nilikuwa na miaka 15 nilipotemwa kwenye timu ya vijana. Kocha alisoma majina kwenye karatasi, langu halikuwemo, akakunja karatasi akaondoka. Nilifika nyumbani saa moja usiku. Nikaoga, nikala, nikalala. Hakuna aliyeniuliza kitu, si kwa ubaya, mamangu alikuwa na watoto sita na cherehani. Kesho yake nilipita maskani, jamaa mmoja akaniangalia akaniambia, "Vipi dogo, mbona uko hivyo?" Alikuwa mtu wa kwanza kuuliza. Nikaketi. Nilisimama hapo baada ya miaka 11, na unga ulikuwa umeshachukua meno yangu, kazi, na heshima ya mamangu mtaani.

Sasa mwaka wa nne nakwenda kliniki kila asubuhi kunywa methadoni, dawa ya kuacha unga. Kila asubuhi, mvua ikinyesha, Ramadhani, sikukuu. Watu hunisifu kwa moyo mgumu. Ukweli ni kwamba mshauri wetu hunipigia simu ikifika saa tatu na hajaniona.

Yeye ndiye aliyetusimulia habari za Emmy Werner, mtafiti aliyefuatilia watoto wote waliozaliwa mwaka 1955 kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, watoto 698, hadi wakawa watu wazima wenye watoto wao. Karibu theluthi moja yao walikulia katika shida nzito, umaskini, ulevi nyumbani, ugomvi. Lakini karibu theluthi moja ya hao wa shida walikua wakawa watu imara, wenye kazi na familia. Na jambo lililokuwa likijirudia kwao ni mtu mmoja mzima aliyewashikilia. Si lazima mzazi. Bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Niliposikia hilo nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kisiwa kama hiki chetu.

Mama, mwanao hajachelewa. Miezi miwili si kitu. Ila leo, usingoje Jumamosi, pita pale maskani na mahamri yako, umsalimie kwa jina, umuulize yuko vipi. Ataona haya mbele ya wenzake. Muulize hivyo hivyo.

UstadhaJioni, Kibokoni

Dada yangu, asubuhi nafundisha gredi ya 4 na jioni nafundisha chuo cha Qur'ani. Nina neno dogo juu ya lile jina, Bingwa.

Mwaka 1998 Carol Dweck na mwenzake Claudia Mueller walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa gredi ya 5 huko Marekani. Watoto walipewa mafumbo mepesi, wakafaulu, kisha wakasifiwa kwa sentensi moja tu. Wengine waliambiwa una akili, wengine umejitahidi. Baadaye wote wakapewa mafumbo magumu wakashindwa. Waliosifiwa akili walipoteza hamu, na waliporudishiwa mepesi wakafanya vibaya kuliko mwanzo. Waliosifiwa jitihada walipanda. Sentensi moja! Nilipoisoma nilijirudi mimi mwenyewe, maana nilikuwa na tabia ya kuwaita wengine "maulama wangu".

Ukimwita mtoto Bingwa kwa miaka minane, siku akikosa amepoteza goli na jina pamoja. Usiache kumsifu. Sifu kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole: umekaa na swali hili dakika ishirini, umerudi kumuuliza mwalimu, umemrushia mwenzako pasi ambayo ungeweza kupiga mwenyewe.

Chuoni tuna utaratibu ambao wazee walituachia na sijaona ulio bora kuliko huo. Mtoto anayehifadhi Qur'ani akifika kwangu na aya mpya, husoma kwanza ya jana na ya juzi. Akikwama kwenye ya jana, hapewi mpya. Hapigwi, hatukanwi, anarudi kwenye mkeka na ya jana yake. Kuna mtoto wangu alikwama ukurasa mmoja siku tisa. Siku ya kumi aliusoma akiwa amefumba macho, akiyumbayumba, na mwenziwe aliyekuwa ameketi naye akawa anatikisa kichwa pamoja naye neno kwa neno, kwani kwa siku tisa kumsikiliza naye alikuwa ameuhifadhi. Kurudia ya jana si adhabu kwa mtoto anayeona kila mtu pale anarudia, mpaka mimi.

Na kama mtoto wako bado anakuja chuo jioni, mwambie maalim wake yaliyotokea. Asiachiwe kukosa chuo pia.

NahodhaMstaafu, Likoni

Kocha, marahaba. Swali lako nimelala nalo siku mbili.

Babangu alikuwa ndani ya maji. Alinirusha kisha yeye mwenyewe alikuwa amesimama, maji yamemfika kifuani, mikono ameinyoosha hivi, mbele. Hakunigusa. Nilipokuwa nazama alinyoosha mikono zaidi lakini hakunigusa, akawa anarudi nyuma hatua moja moja kila nikimkaribia. Miaka yote hii nimekuwa nikisimulia alivyonirusha. Sikuwahi kusimulia ile mikono.

Binti yangu, nimesema mumeo ana haki. Ana haki nusu. Kama atampeleka, naye aingie majini.

MamaMahamri, Kisauni

Sijui niwashukuru vipi. Nimeyasoma yote mara tatu, na mengine nimemsomea mume wangu kwa sauti.

MtuWaMajengo, nilikwenda maskani jioni ile ile. Alitaka ardhi impasuke. Nikamuuliza yuko vipi, akasema poa. Nikagawa mahamri kwa wote, nikaondoka. Baada ya nusu saa alikuja nyumbani, akakaa jikoni karibu na karai, hakusema kitu, akanisaidia kukata unga. Mungu akukamilishie safari yako, na mamako amwone mwanawe anavyoamka kila asubuhi.

Babake ilimchukua siku nne. Nilikuwa chumbani nikawasikia barazani. Hakusema habari ya aibu hata kidogo. Alianza kumsimulia fainali ya Kombe la Dunia 1994, aliyoiangalia akiwa na miaka 12 kwa jirani mwenye televisheni, watu wamejaa hadi dirishani. Roberto Baggio akapaisha penalti ya mwisho, Brazil wakashangilia. Akamwambia wenzake wawili wa Italia walikuwa wamekosa kabla yake, Baresi na Massaro, lakini watu humtaja Baggio. Kisha akamwambia kwamba mwaka 1998, mechi ya kwanza ya Italia, na Chile, wako nyuma kwa bao moja na dakika zinakwisha, Italia wakapata penalti. Na aliyeipiga ni nani? Baggio. Akafunga.

Kimya. Halafu mtoto akauliza, "Aliogopa?"

Babake akasema, "Naona aliogopa." Kisha akasema, "Mimi siku ile ya fainali yenu niliogopa kuliko wewe. Ndiyo nikasema vile." Mimi nikajifunika shuka hadi kichwani.

Jumapili walikwenda ufuoni wawili. Sikwenda, nilikuwa na oda ya harusi. Nimeambiwa baba alikaa golini, ndala mbili ndizo milingoti. Mtoto alipiga chache, nyingine zikaenda baharini akazifuata mwenyewe. Hakuna aliyehesabu, kwa hiyo siwezi kuwaambia alifunga ngapi. Timuni hajarudi na sijamtajia. Hisabati bado, lakini juzi alikosa swali la kwanza akaliacha wazi akaenda la pili, daftari hakulifunga.

Jana usiku aliniuliza kama yule kocha wa kwenye simu yangu huchukua watoto wa Kisauni. Nikamwambia nitauliza. Basi nauliza, kocha: Jumamosi mnaanza saa ngapi?

KochaWaMchangani, Bamburi

Jumamosi hii ni bamvua, maji yatakuwa yametoka kabisa kama saa nne. Tunaanza saa mbili na nusu mchanga ukishakaza. Aje na chupa ya maji ya kunywa na kofia. Njumu aziache nyumbani, huku wote ni pekupeku. Babake kama hana zamu naye aje, nina upungufu wa mtu wa kushika filimbi.